Kutibu maji taka ya kiwanda cha chuma: maana yake

Nondo ikitoka mashineni ingali nyekundu kwa moto, humwagiwa maji. Bati kabla ya kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, huoshwa kwa asidi, kisha kusuuzwa. Maji hayo hayatoki kama yalivyoingia. Kuyatibu ni kutoa kilichoingia ndani yake kabla hayajafika mtoni au hayajarudishwa kazini. Nasisitiza kutoa. Kuyachanganya na maji safi mengi ili kipimo kisome vizuri si kutibu, maana sumu ni ileile, imetawanywa tu.

Maji ya kupooza nondo hayana shida kubwa. Hubeba mafuta ya mashine na magamba meusi yanayobanduka kwenye chuma cha moto. Magamba ni mazito, hutuama shimoni. Mafuta huelea, yakaenguliwa. Baada ya kuchujwa kwa mchanga, maji yanaweza kutumika tena.

Kazi iko kwenye asidi. Kutu na magamba huyeyuka ndani yake, na chuma kikishayeyuka ni kama chumvi kwenye maji: hata uchuje kwa kitambaa kizito namna gani, kitapita. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua samaki. Hapo ndipo chokaa inapohitajika. Hupunguza ukali wa asidi, pH (namba ya kupimia asidi, ambayo huwa ndogo asidi ikiwa kali) hupanda, na chuma hugeuka chembe zinazoweza kutuama. Hewa nayo hupulizwa ndani, kwa sababu chuma kikipata oksijeni hugeuka rangi ya kutu na kujitenga na maji kwa urahisi zaidi.

Zinki ina tabia yake. Hujitenga vizuri pH ikiwa kati ya 9 na 10 hivi, lakini ukizidisha sana chokaa, zinki huyeyuka upya. Anayeongeza ndoo moja "kwa uhakika" bila kupima anaweza kuirudisha majini sumu aliyokwisha kuitoa. Kipimo cha pH kwenye tangi la kutilia chokaa, kwangu mimi, kina thamani kuliko pampu zote.

Mabati mengine hupakwa kromiamu yasipate madoa, na maji yake huwa ya manjano. Kromiamu ya namna hiyo husababisha saratani, na chokaa peke yake haiitoi. Lazima kwanza, maji yakiwa bado na asidi, itiwe dawa kama sodiamu bisalfaiti iigeuze kuwa ya namna isiyo kali. Chokaa ndiyo ifuate.

Viwanda vinavyotengeneza koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa ili yatumike kuyeyushia chuma, vina mzigo mwingine wa kemikali: amonia, fenoli na sianidi. Huko sehemu kubwa ya kazi huachiwa bakteria, ambao huila fenoli polepole kwenye matangi yenye hewa.

Linabaki tope. Metali iliyotoka majini haijapotea, imehamia humo. Tope hukamuliwa, kisha hupelekwa kwenye dampo la taka hatari. Likirundikwa nyuma ya uzio, mvua inaweza kulisomba hadi mtoni.

Ndiyo maana baadhi ya viwanda vikubwa havimwagi kabisa asidi ya hidrokloriki iliyochoka. Huinyunyiza ndani ya tanuri. Asidi hupanda kama mvuke, ikakusanywa kwa maji na kurudishwa kazini, na chini hubaki unga mwekundu wa chuma, unaouzwa kwa watengenezaji wa rangi na sumaku.