Je, kila aliyezinduka aliona mbinguni?

Wengi wetu tunaamini, kutokana na shuhuda za runinga za dini, kwamba moyo ukisimama mtu hufa kabisa, huona mwanga au moto, kisha hurudi. Lakini moyo kusimama si mwisho papo hapo. Ubongo hauharibiki wote mara moja, ndiyo maana madaktari hukandamiza kifua. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2001 ulihusu wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama: 62 tu walisimulia maono yoyote. Waliobaki, hakuna kitu, na runinga haiwaiti. Sisemi msimuliaji anadanganya. Wengi hubadilika kweli kweli. Ukisikiliza, jiulize: nani alithibitisha kifo, alisimulia lini mara ya kwanza, na je, simulizi limerefuka tangu hapo?