Je, wajua kaboni ya penseli inaweza kuitambua dengue?

Mgonjwa ana homa ya siku mbili, viungo vinamuuma, macho yanamuwasha. Zahanati wanamtoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha malaria, na baada ya robo saa unatokea mstari mmoja tu: malaria hana. Basi ana nini? Dengue? Chikungunya? Kwa macho hazitofautishiki, na kukisia ni hatari, maana mwenye dengue akimeza aspirini au ibuprofeni anaweza kuvuja damu. Vipimo vya haraka vya dengue vipo, lakini si kila zahanati inavyo, na protini ya kirusi ikiwa chache mstari hautokei.

Hapo ndipo kaboni inapoingia. Penseli huacha karatasini matabaka ya kaboni. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua kwa selotepu tabaka lenye unene wa atomi moja, liitwalo grafini. Kwa kuwa atomi zake zote ziko juu, hakuna iliyojificha ndani, kitu chenye chaji ya umeme kikitua hapo umeme unaopita hubadilika papo hapo.

Watafiti huipandikizia grafini kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazokamata NS1, protini ambayo kirusi cha dengue huimwaga kwenye damu tangu siku za mwanzo za homa. NS1 ikinasa, mkondo unapanda au kushuka, na kifaa kinasoma.

Kikwazo kikubwa, kwangu mimi, ni chumvi. Damu ina chumvi, na ayoni zake, yaani chembe zenye chaji, huizingira chaji ya NS1 na kuifunika. Grafini huhisi kilicho karibu kwa chini ya nanomita 1 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali kingamwili ina urefu wa takriban nanomita 10: NS1 inanaswa mbali mno na uso wake. Ndiyo maana wengine huzimua sampuli ili chumvi ipungue, wengine hutumia vipande vifupi vya kingamwili au vya DNA.

Halafu kuna undugu. Zika, iliyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ni ya ukoo mmoja na dengue, na kingamwili ya mmoja yaweza kumdaka mwenzake. Kwa hiyo hutengenezwa vibao vyenye vipande kadhaa vya grafini, kila kimoja na mtego wake, vyote vikisubiri tone lilelile la damu.