Kwa nini Japani ihangaike na mpunga wa Moshi?

Ukifika Chekereni au Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, utakuta majaruba yaliyopangika kama kurasa za daftari la hesabu. Huo ni mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani. Nchi tajiri iliyo mbali hivyo inatafuta nini kwenye tope la Kilimanjaro?

Kwanza, mpunga wanaujua. Pili, na hili husahaulika, Japani nayo ilikuwa mkopaji. Reli ya treni za kasi kati ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa mwaka 1964, ilijengwa kwa sehemu kwa dola milioni 80 za Benki ya Dunia, na Japani ilimaliza kulipa madeni yake kwa benki hiyo mwaka 1990. Ndiyo maana hadi leo sehemu kubwa ya misaada yake huja kama mikopo ya riba nafuu. Nafuu, si bure.

Lower Moshi mavuno yalipanda kutoka tani 2 hivi kwa hekta hadi 6 na zaidi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wakulima wa juu ya mto waliona faida, nao wakalima mpunga na kuchepusha maji kabla hayajafika kwenye banio la mradi. Majaruba mengi ya chini yakakauka. Kuwaita wezi ni kuwaonea: mradi ulipanga mfereji vizuri, lakini haukuwapangia majirani wa mto uleule.

Baadaye nguvu ya Japani ikahamia kwenye mafunzo. Chuo cha kilimo cha KATC, hapo hapo Moshi, kilianza mwaka 1994. Wakulima wachache kutoka skimu hufundishwa, kisha kila mmoja huwafundisha wenzake shambani kwake. Mwaka 2008, Yokohama, Japani na washirika wake walianzisha CARD, mpango wa kuongeza uzalishaji wa mpunga Afrika kusini mwa Sahara kutoka tani milioni 14 hadi 28 ifikapo 2018.

Kinachofundishwa hakihitaji mashine kubwa. Mbegu huchaguliwa kwa maji ya chumvi: koroga chumvi kwenye ndoo hadi yai bichi lielee, mimina mbegu, engua zinazoelea, kisha suuza haraka zilizozama, maana chumvi ikibaki huharibu uotaji. Loweka saa 24, atamiza saa 48, sia kitaluni. Miche ya siku 21 hivi huhamishwa 2 au 3 kwa shimo, kwa kamba yenye alama kila sentimita 20. Ikizikwa kina kirefu huchelewa kuchipua machipukizi. Ikipandwa ovyo, mashine ya palizi ya kusukuma haipiti.

Ila hatua inayorukwa zaidi ni kusawazisha jaruba, kwa kuwa inachosha na haionekani machoni. Lisiposawazishwa, magugu hushika kwenye vinundu, miche huzama kwenye mashimo, na mkulima hulazimika kujaza maji mengi ili yafunike kote. Na maji ndiyo hasa Lower Moshi iliyapungukiwa.