Je, wajua kwa nini mara nyingi ni wanafunzi wanaoingiza elimu ya uendelevu, yaani kuishi na kufanya kazi bila kuiharibu dunia ya vizazi vijavyo, kwenye kozi za chuo kikuu?

Mwaka 1990, wakuu wa vyuo vikuu kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa azimio lenye vipengele kumi. Mojawapo ya ahadi zao ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mhitimu, awe amesomea nini, anatoka chuoni akiyaelewa masuala ya mazingira. Tangu wakati huo vyuo zaidi ya 500 vimelitia saini. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 baadaye, mtu anaweza kumaliza shahada ya uhasibu, famasia au uhandisi bila kuulizwa hata mara moja kazi yake itaigharimu nini dunia. Na pale ambapo hali imebadilika, mara nyingi utakuta nyuma yake kuna kundi la wanafunzi. Kwa nini wao, na si wale waliotia saini?

Sababu kubwa imo katika namna mtaala unavyotengenezwa. Kila kozi ina mwenyewe. Mhadhiri huandaa silabasi yake, idara huipitia, kisha inakwenda kitivoni, halafu seneti ya chuo, na kwa baadhi ya taaluma kuna pia bodi ya nje inayotoa ithibati. Ngazi hizi zina maana, kwa sababu ndizo zinazolinda ubora wa shahada. Ila kila ngazi hutazama karatasi iliyo mezani kwake. Mhadhiri wa mwaka wa pili ni nadra kujua mwenzake wa mwaka wa nne anafundisha nini hasa. Mwanafunzi ndiye anayeketi kwenye mihadhara yote, mwaka baada ya mwaka. Yeye huona mada iliyorudiwa mara tatu, na huona pia ile ambayo kila mwalimu alidhani imeshafundishwa na mwingine. Uendelevu huangukia hapo, kwa kuwa unagusa kila somo na hauna idara inayoumiliki.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye udaktari. Mwaka 2019 wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walianza kuandaa ripoti ya kuvipa alama vyuo vya tiba, kama vile vyuo vinavyowapa alama wao. Ripoti hiyo, iitwayo Planetary Health Report Card, inapima mambo matano: mtaala, utafiti, ushirikiano na jamii, msaada kwa miradi ya wanafunzi, na jinsi chuo chenyewe kinavyoendeshwa. Wanafunzi hufanya kazi na mwalimu mlezi, huupitia mtaala wao, kisha matokeo huwekwa hadharani. Sasa inatumika katika vyuo zaidi ya 100 duniani.

Nguvu yake iko kwenye maswali mahususi, kwa sababu lalamiko la jumla kwamba chuo hakijali mazingira ni rahisi kujibiwa kwa hotuba. Chukua somo la nusukaputi. Gesi iitwayo desflureni, inayotumika kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, ina uwezo wa kupasha joto dunia zaidi ya mara 2,500 ya kiasi kilekile cha kabonidioksidi, ukipimwa kwa miaka 100. Sevoflureni, ambayo kwa wagonjwa wengi hufanya kazi ileile, iko chini ya mara 200. Mgonjwa huvuta gesi hiyo, akaitoa karibu yote bila kubadilika, ikapitia mabomba ya chumba cha upasuaji hadi angani. Mwanafunzi akimuuliza mhadhiri kwa nini tofauti hiyo haimo kwenye slaidi zake, anachoomba ni dakika tano tu. Kozi haibadilishwi jina, wala haihitaji kwenda seneti. Na si habari ya pembeni: Scotland iliacha kutumia desflureni katika hospitali zake za umma mwaka 2023, isipokuwa pale hali ya mgonjwa inapoilazimu. Daktari ambaye hakufundishwa jambo hili anaingia kazini akiwa nyuma ya hospitali yenyewe.

Wapo wanafunzi waliokwenda mbali zaidi, wakaandaa kozi nzima. Katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi waliona kwamba hakuna kozi inayounganisha sayansi ya mazingira, uchumi na siasa, wakaanzisha ya kwao kuhusu binadamu na maumbile. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa CEMUS, kituo cha masomo ya mazingira na maendeleo, ambacho hadi leo huajiri wanafunzi kama waratibu wa kozi. Hao waratibu ndio wanaopanga ratiba, kuchagua vitabu na kualika wahadhiri kutoka idara mbalimbali. Hawaachiwi peke yao, maana kila kozi ina jopo la wataalamu linalopitia mpango na kuuboresha, na utoaji wa alama za mwisho unabaki chini ya chuo. Mtu anayedhani kwamba kumshirikisha mwanafunzi ni kushusha kiwango angefaa kuutazama mpangilio huu kwa makini.

Penye milango iliyofungwa, wanafunzi wametumia shinikizo. Nchini Ufaransa mwaka 2018, zaidi ya wanafunzi 30,000, wengi wao kutoka vyuo vyenye hadhi kubwa, walitia saini tamko wakitaka elimu yao na waajiri wao wa baadaye wazingatie hali ya dunia. Mwezi Novemba 2022, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Barcelona walikalia jengo la chuo kwa siku saba, na chuo kikakubali kuanzisha kozi ya lazima kuhusu janga la tabianchi kwa wanafunzi wa fani zote.

Huo ni ushindi, na ninawapongeza. Lakini kwa maoni yangu kozi moja ya lazima, ikisimama peke yake, haitoshi. Mwanafunzi wa uhandisi huifanya, akaifaulu, kisha akarudi kwenye somo lake la zege ambako kila swali linauliza kama boriti itabeba mzigo na hakuna linalouliza saruji kiasi gani imetumika. Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya kabonidioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Swali moja la mtihani likimtaka asanifu boriti mbili zenye uimara uleule, kisha akokotoe ipi imesababisha kabonidioksidi kidogo zaidi, litamfundisha kuliko mihadhara mingi ya jumla, kwa sababu wanafunzi husoma kile wanachojua kitatahiniwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kuanza na kozi yake mwenyewe angefanya vyema kumpelekea mhadhiri swali kama hilo likiwa tayari limeandikwa, pamoja na takwimu zake.

Kama unajiuliza somo moja linaweza kufika wapi, watazame wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, huko Vanuatu. Mwaka 2019, kutokana na kozi yao ya sheria ya kimataifa ya mazingira, walianzisha kampeni ya kutaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni kuhusu wajibu wa mataifa juu ya tabianchi. Serikali ya Vanuatu iliibeba hoja hiyo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha kwa kauli moja Machi 29, 2023, na Julai 23, 2025 mahakama ikatoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa ya dunia. Kilichokuwa mada ya darasani sasa kinasomwa na mawakili kote ulimwenguni.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni kwamba wanafunzi huhitimu. Kundi lenye ari hujenga uhusiano na wahadhiri kwa miaka mitatu, linaondoka, na wanaofuata wanaanza upya. Wengine huchoka mapema kwa kuwa wanafanya kazi ya kitaaluma bila malipo huku mitihani ikiwasubiri. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilitafuta dawa mwaka 2010 kwa kufungua ofisi ya uendelevu inayoendeshwa na wanafunzi, yenye bajeti, malipo na mtumishi wa kudumu anayebaki wao wanapoondoka. Mtindo huo umeigwa na vyuo vingi vya Ulaya, na ofisi ya aina hiyo inaweza kuanza kwa kukagua mitaala: kukusanya silabasi za kila idara na kuzisoma zote pamoja.