Bidhaa kuondolewa sokoni: maana yake, na namba inayoamua kama yako imo

Kuondoa bidhaa sokoni ni kuikusanya na kuirudisha bidhaa ambayo imeshatoka kiwandani, ikafika maghalani, madukani na pengine majumbani, kwa sababu imebainika ina kasoro inayoweza kudhuru au haikidhi kiwango. Mwenye wajibu wa kufanya hivyo ni mtengenezaji au aliyeiingiza nchini. Mamlaka husimamia, na akisuasua humwamuru. Tanzania kazi hiyo iko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa dawa na vifaa tiba, na TBS (Shirika la Viwango) kwa chakula, vipodozi na bidhaa nyingine zenye viwango. Kenya iko KEBS, shirika la viwango la huko, na kwa upande wa dawa ni Bodi ya Dawa na Sumu.

Watu wengi wakisikia tangazo hushika jina la bidhaa tu: "Ile dawa imepigwa marufuku." Kumbe mara nyingi kilichotajwa ni toleo, ambalo Kenya wengi huliita bechi. Toleo ni kundi la bidhaa lililochanganywa na kufungashwa pamoja kwa malighafi zile zile, likapewa namba moja. Kasoro hukaa humo: pipa moja la malighafi lilikuwa chafu, joto la kuua vijidudu halikufika, au mashine ilibandika lebo ya dawa nyingine. Kwa hiyo chupa mbili zenye jina moja na rangi moja, zilizosimama rafu moja, moja inaweza kuwa hatari na ya pili salama, na bila namba hakuna jicho litakalozitofautisha.

Namba hiyo kwenye pakiti hutanguliwa na herufi B.No., BN au LOT, karibu na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Kwenye kopo la bati itafute kitakoni. Kwenye tyubu ya dawa ya meno au krimu, ipo kwenye ile ncha bapa iliyobanwa, mara nyingi imegongwa bila wino, kwa hiyo igeuze kwenye mwanga mpaka kivuli cha tarakimu kionekane. Kwenye karatasi ya vidonge hugongwa upande mmoja tu, na duka likikata vidonge vinne kwa mkasi, namba hubaki na kipande cha mwisho. Wateja wa kabla ya hapo wanaondoka na dawa isiyo na namba.

Mfano wa karibu ni wa Aprili 2024. Mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kuondoa sokoni dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin, toleo 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021, baada ya maabara yake kukuta kiwango kikubwa cha kemikali iitwayo dayethilini glaikoli. Ndani ya siku chache Kenya, Tanzania, Rwanda na Afrika Kusini nazo zikaagiza toleo hilo liondolewe. Kenvue, kampuni inayomiliki jina hilo la biashara, ilisema vipimo vyake havikuikuta kemikali hiyo. Hilo lisikushangaze. Kuondoa bidhaa ni hatua ya tahadhari, na huanza kabla mabishano ya kimaabara hayajaisha, kwa kuwa kusubiri kuna gharama yake. Linalofaa kuangaliwa zaidi ni tarehe: muda wa toleo hilo ulikuwa unaisha Aprili 2024 hiyo hiyo. Lilikuwa limeshakaa sokoni karibu miaka mitatu, na chupa zilizokwisha kunyweka hakuna tangazo linaloweza kuzirudisha.

Dayethilini glaikoli inatisha kwa sababu ni kimiminika kitamu, kisicho na rangi, kinachofanana sana na gliserini inayotumika kutengenezea dawa za maji, lakini bei yake ni nafuu. Ipo kwenye bidhaa za viwandani kama mafuta ya breki. Kiwango cha kimataifa cha dawa hakiruhusu izidi asilimia 0.10 ya gliserini. Kosa hutokea pale msambazaji anapouza pipa la bei rahisi lenye lebo ya gliserini, na kiwanda kikaiamini karatasi badala ya kupima kila pipa. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mafigo. Mtoto hutapika, huumwa tumbo, huharisha, kisha hukojoa kidogo au hakojoi kabisa, na hapo hali huwa mbaya kwa kasi. Mwaka 2022 dawa za maji za watoto zenye kemikali za aina hii zilihusishwa na vifo zaidi ya 300 Gambia, Indonesia na Uzbekistan, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani.

Kemikali hiyo hiyo ndiyo iliyoifundisha Marekani kazi ya kukusanya bidhaa. Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi ndani ya dayethilini glaikoli bila kuipima usalama, kwani sheria ya wakati huo haikudai hivyo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Telegramu za kwanza za kampuni kwa wauzaji ziliomba tu dawa irudishwe, bila kusema inaua. Serikali ikashikilia zitumwe nyingine zinazosema wazi kuwa ni hatari kwa maisha. Kisha karibu wakaguzi wote wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wakaingia barabarani, wakafuata ankara za mauzo duka kwa duka na mgonjwa kwa mgonjwa. Zilitengenezwa galoni 240, zikapatikana galoni 234 na painti moja. Zilizosalia zilikuwa zimeingia matumboni mwa watu.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo kipimo cha kazi hata leo. Kiasi kilichotengenezwa lazima kilingane na kilichobaki ghalani, kilichorudi, na kilichothibitika kimetumika. Kampuni inayosema "tumeshaondoa" bila kuonyesha hesabu hiyo haijaondoa kitu, imetoa tangazo. Ili hesabu iwezekane, kiwanda huhitaji orodha ya nani alipelekewa toleo gani, lini na katoni ngapi, pamoja na sampuli za akiba za kila toleo zilizofungiwa kwa ajili ya kupimwa tena.

Uzito wa kasoro hupangwa kwa madaraja, na nchi nyingi hutumia matatu. La kwanza ni pale bidhaa inapoweza kuua au kuacha madhara makubwa: dawa yenye sumu, chakula chenye kizio (kitu kinachowaletea baadhi ya watu mzio) ambacho lebo haikukitaja. La pili ni madhara ya muda au yanayotibika. La tatu ni kasoro isiyotarajiwa kumdhuru mtu, kama kosa dogo la lebo. Daraja ndilo linaloamua tangazo literemke mpaka wapi: kwa wauzaji wa jumla tu, mpaka madukani, au mpaka kabatini kwako. Ukiona mamlaka imeita vyombo vya habari, ujue imeshuka mpaka kwako.

Mnyororo huu wa kufuatilia bidhaa kwetu hukatikia mahali panapojulikana: kwenye bidhaa za kupimiwa. Mafuta ya kula ya kibaba yanatoka kwenye pipa ambalo lebo yake ilishachanika. Unga wa mashineni hauna namba wala mwenye kiwanda wa kumpigia simu. Ndiyo maana mwaka 2004, sumukuvu ilipoua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, hapakuwa na toleo la kuondoa. Mahindi yalikuwa ya shambani kwao, yamehifadhiwa na unyevu, na ikabidi serikali igawe chakula mbadala. Linganisha na Novemba 2019, KEBS ilipositisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu: siku hiyo hiyo msimamizi wa duka kubwa aliweza kujua ni pakiti zipi za kuteremsha kwenye rafu.

Mahali pa pili ni magari yaliyotumika. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi, ile mifuko inayofutuka usukani gari likigonga, kwa baruti ya amonia naitreti. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu baruti hiyo, na siku ikiwaka hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kibweta chake cha chuma na kumrushia dereva vipande. Marekani peke yake eabegi zipatazo milioni 67 ziliitwa zibadilishwe. Barua za wito hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Sasa gari lililouzwa mnadani Japani na kupakuliwa Dar es Salaam au Mombasa, miji yenye joto na unyevu hasa ule unaoharibu baruti, barua yake inakwenda kwa nani? Hakuna atakayekutafuta, tafuta mwenyewe. Angalizo moja hapa: magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba ya chasisi ya muundo wao, yaani msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, wala si ile ya herufi na tarakimu 17. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani itakataliwa, na wengine hudhani jibu hilo maana yake gari ni zima. Tumia ukurasa wa wito wa mtengenezaji kwa soko la Japani, au mpe wakala wake rasmi namba hiyo. Na eabegi usimpe fundi wa mtaani aifungue, maana ndani yake kuna kilipuzi.

Kuna mambo matatu ambayo huchanganywa na kuondolewa sokoni. Marufuku hugusa kila toleo na kila chapa, kama vipodozi vyenye zebaki, na hapo hakuna haja ya kutafuta namba. Bidhaa bandia kwa kawaida haiitwi irudi, kwa kuwa aliyeitengeneza hajulikani, bali hukamatwa. Iliyoisha muda ni kosa la muuza duka kuibakiza rafuni, hata kama kiwandani ilitoka salama.

Ukisikia tangazo, kwanza hakikisha ni tangazo kweli. Lililo halali hutaja jina la bidhaa, mtengenezaji, toleo, tarehe za kutengenezwa na kuisha, kasoro yenyewe, na cha kufanya. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "msile unga fulani, una sumu" bila toleo wala tarehe, usiusambaze mpaka uuone kwenye ukurasa wa mamlaka.

Kisha nenda kabatini. Linganisha namba yote, tarakimu kwa tarakimu, maana 329304 si 329340. Isome kwenye chupa yenyewe, kwani boksi na chupa vinaweza kuwa vimebadilishana nyumbani. Kama namba imefutika au ulikwisha kumimina kwenye kopo lako, ihesabu kuwa imo. Piga picha ya mbele, nyuma na namba. Ifunge kwenye mfuko, andika "usitumie," iweke pasipofikiwa na watoto, halafu irudishe ulikonunua. Risiti husaidia kudai fedha, ila kukosa risiti kusikuzuie kurudisha bidhaa. Dawa usiimwage kwenye sinki wala chooni. Kama mtoto alishakunywa na ana dalili zilizotajwa, hasa mkojo kupungua, mpeleke hospitali pamoja na chupa, kwa sababu namba hiyo itamsaidia daktari kujua atafute nini.

Unga wenye sumukuvu kuupika hakusaidii. Sumu yake huvumilia joto la sufuria, kwa hiyo ugali ulioiva vizuri unabaki na sumu ile ile. Wala usiwape kuku au ng'ombe kwa kuona hasara: ng'ombe wa maziwa akiula, sumu huingia kwenye maziwa.

Kanuni ya "acha mara moja" ina kighairi kimoja kikubwa, nacho ni dawa za kila siku za magonjwa sugu. Julai 2018 dawa za shinikizo la damu zenye valsatani, zilizotumia malighafi ya kiwanda kimoja cha China, ziliondolewa sokoni nchi nyingi baada ya kukutwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Hata hivyo wagonjwa waliambiwa waendelee kumeza mpaka wapewe mbadala. Hatari ya NDMA ilikuwa ndogo na ya miaka, ilhali ya kukatisha dawa ya presha ni kiharusi cha wiki hii. Kwa hiyo dawa ya presha, kisukari, kifafa au moyo ikitajwa, nenda na pakiti kwa mfamasia siku hiyo hiyo ubadilishiwe toleo au aina, na dozi ya jioni isikupite ukiwa njiani.