Kikomo cha resi na mahali pa kubadili gia kwenye pikapu iliyochezewa

Kaa asubuhi moja tu kwenye gereji za Nyakato, hapa Mwanza, utasikia mtu akisema: "Fundi, nitolee kikomo, gari lipige resi." Mara nyingi ni mwenye pikapu ya dizeli inayobeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba. Ameshalipa kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ibadilishiwe programu, gari limepata nguvu, na sasa anaona mshale wa RPM ukipita 4,000 kidogo tu injini inakata. Anahisi kuna utamu kafichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kusema maneno hayohayo, na fundi mzee niliyemwambia hakunijibu kwa hasira. Alifuta mikono, akaniuliza: "Ng'wanawane (mwanangu), ukishapita hapo, nani atakusukuma?"

Sikumwelewa siku hiyo.

Resi, au RPM, ni mizunguko ambayo kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inafanya kwa dakika moja. Kikomo cha resi ni idadi ya mizunguko ambayo kontrol boksi haikubali ipitwe kwa kukanyaga mafuta. Mshale ukifika pale, noza zinazonyunyiza mafuta zinanyimwa mafuta. Kwenye petroli, hata moto wa plagi unaweza kukatwa. Resi ikishuka kidogo, mafuta yanarudi. Ndiyo maana gari lililogonga kikomo husikika likikohoa. Halafu ukipiga resi gari likiwa limesimama, usidhani umeona kikomo chenyewe. Magari mengi ya kisasa yana kikomo kingine cha chini zaidi kwa gari lisilo kwenye gia.

Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ hazina kompyuta ya kufanya kazi hiyo. Ndani ya pampu kuna gavana: vyuma vizito vinavyotanuka kadiri pampu inavyozunguka, vikipingana na springi, mpaka vinavuta mafuta yapungue. Pampu hiyo ina skrubu ya kiasi cha mafuta na skrubu ya resi ya juu, na si kitu kimoja. Nimeona mtu anaomba nguvu, anafunguliwa skrubu ya resi, anaondoka amepewa kelele.

Mahali pa kubadili gia ni jambo tofauti kabisa. Ni pale ambapo gia moja inaiachia kazi inayofuata. Kwenye gari la manyuo, la kubadili gia kwa mkono, pako kwenye sikio na mguu wa dereva, na hakuna programu ya kupagusa. Kwenye otomatiki pameandikwa kwenye kompyuta ya giaboksi, nayo inaangalia hasa vitu viwili: spidi ya gari, na umekanyaga pedali kiasi gani. Ukikanyaga kidogo inabadili mapema, ukizamisha mguu inachelewa.

Sasa swali la yule mzee. Kinachosukuma gari ni toki, ile nguvu ya kuzungusha, na toki ya dizeli inakaa chini. Chukua Hilux ya 2.8 otomatiki, injini ya 1GD, ya kabla ya maboresho ya 2020, kama ilivyotoka kiwandani. Inatoa toki ya 450 Nm (nyutoni mita) kati ya resi 1,600 na 2,400. Nguvu yake ya juu kabisa ni kilowati 130, na inaipata kwenye 3,400. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, pale kwenye 3,400 toki imeshashuka hadi kama 365 Nm. Baada ya hapo inaporomoka, kwa sababu dizeli inahitaji muda wa kunyunyizwa, kuchanganyika na hewa na kuungua, na pistoni inapokimbia sana muda huo haupo. Mafuta yanaungulia njiani kuelekea ekzosi. Unapata moshi mweusi na joto kwenye tabo (turbo), kile kipulizio kinachoisukumia injini hewa.

Bodaboda wa pale Igoma anapeleka pikipiki yake zaidi ya 7,000 na inamjibu, kwa sababu ni petroli, pistoni ni ndogo na nguvu yake iko huko juu. Anayetoka kwenye pikipiki akaingia kwenye pikapu ya dizeli anakuja na sikio la pikipiki.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi lakini wengi hawaifanyi. Giaboksi la gia sita la Hilux hiyo lina gia ya pili ya 2.09 na ya tatu ya 1.49, kwa kukadiria. Ukibadili kutoka pili kwenda tatu, resi inashuka hadi kama asilimia 71 ya ilivyokuwa. Ukibadili kwenye 3,400, unatua karibu 2,420. Zidisha toki kwa namba ya gia upate msukumo unaokwenda nyuma: gia ya pili inakupa 365 mara 2.09, yaani 763. Gia ya tatu inakupa 450 mara 1.49, yaani 670. Kwa hiyo kwenye 3,400 gari la kiwandani bado linasukuma zaidi likibaki gia ya pili. Vumilia kidogo kabla ya kubadili.

Peleka mpaka 4,000. Chukulia toki imeanguka hadi 270. Gia ya pili inakupa 564. Ukibadili unatua 2,840 hivi. Chukulia pale kuna 410, gia ya tatu inakupa 611. Umeshachelewa. Mahali pazuri palikuwa katikati ya namba hizo mbili, pale misukumo inapolingana.

Sasa ichezee. Programu nyingi za kuongeza nguvu zinajaza katikati, maana huko ndiko tabo ina hewa ya ziada. Tuseme katikati imepanda hadi 530, lakini kwenye 3,400 umepata 380 tu kwa sababu tabo ile ile ndogo imeishiwa pumzi. Gia ya pili: 794. Gia ya tatu: 790. Zimelingana tayari! Maana yake gari lililoongezwa nguvu linataka kubadili gia mapema kuliko lilivyokuwa likitaka kiwandani. Na mwenye gari yuko gereji anaomba kikomo kipandishwe hadi 4,800.

Mambo yanageuka ukiweka tabo kubwa, inayochelewa kuamka na kuendelea kupuliza huko juu. Hapo kuna sababu ya kusogeza vyote viwili, kikomo na mahali pa kubadili. Lakini chuma hakisahau: nguvu inayoivuta pistoni na konrodi, ule mkono unaoiunga pistoni na kranki, inakua kwa mraba wa resi. Kutoka 4,000 hadi 5,000 ni ongezeko la robo tu kwenye geji, ila mvutano kwenye boliti za konrodi umepanda kwa asilimia 56. Springi za valvu nazo zina resi ambayo zikiipita haziwahi kufunga. Na sisi tuko juu: maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ilete kiasi kile kile. Programu iliyopimwa pwani ikabandikwa Mwanza bila kuangaliwa tena, siiamini.

Nafasi kati ya resi ya kubadili gia na kikomo ndiyo inayowashinda mafundi wengi wenye laptop. Giaboksi likiamrishwa libadili, halibadili papo hapo. Oili lazima ijaze, klachi moja iachie, nyingine ishike. Wakati huo mshale unaendelea kupanda. Mimi gari langu liliwekewa kubadili kwenye 3,900 na kikomo kwenye 4,000, na duka moja ambalo silitaji. Gia ya tatu hakukuwa na shida. Gia ya kwanza, nikitoka taa za barabarani nimebeba barafu na sangara, injini inapanda haraka mno. Amri inatoka kwenye 3,900, klachi haijashika, mshale umeshagonga 4,000, mafuta yanakatwa katikati ya kubadili. Gari linapiga kwikwi, kisha gia inaingia kwa kishindo mpaka makreti ya nyuma yanahama. Waliniambia ni giaboksi limechoka. Halikuwa limechoka. Fundi mwingine alishusha amri ya gia ya kwanza hadi 3,300 na ya pili hadi 3,500, kikomo hakukigusa, na kishindo kiliisha siku hiyohiyo. Gia za chini zinaamrishwa mapema kwa sababu hiyo tu: mshale wake unakimbia.

Kuna na la kimya zaidi. Wakati wa kubadili, giaboksi linaiomba injini ipunguze toki kwa sehemu ndogo ya sekunde, na linapanga presha ya oili kwenye klachi kulingana na toki ambayo injini inaripoti. Mtu akiongeza mafuta kwa ujanja wa kuidanganya kontrol boksi, injini inatoa 530 huku ikiripoti 450. Giaboksi linabana klachi kwa ajili ya 450. Klachi inateleza kidogo kila mara, oili inakuwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua. Ukichomoa kijiti cha oili, au ukifungua boliti ya chini kwa yale yasiyo na kijiti, pua itakuambia kabla ya mashine ya kusoma makosa.

Na kikomo hakikulindi na kila kitu. Kinakata mafuta, hakishiki matairi. Dereva wa manyuo anayeteremka na mzigo, anataka kutoka tano kwenda nne, mkono unavutika pembeni unaingia mbili, akaachia klachi: injini iliyokuwa kwenye 2,500 huburutwa na matairi kupita 6,000 na hakuna programu inayoweza kusema neno. Otomatiki ingekataa kuingia gia hiyo. Manyuo haina wa kukataa.

Ukitaka kujua toki yako inaanza kushuka wapi, maana pa kubadili pako mbele ya hapo, bila mashine ya kupimia nguvu, panda mlima wa Bugando asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, na mzigo wako wa kawaida, gia ya pili, mguu wote. Mwombe mwenzako akae na simu arekodi geji ya RPM na ya spidi. Nyumbani, angalia video polepole: kutoka 2,000 hadi 2,500 ilichukua sekunde ngapi, 2,500 hadi 3,000 ngapi, na kuendelea. Utaona pale sekunde zinapoanza kurefuka. Langu lilianza kwenye 3,400 na kitu. Yule fundi mzee nilimwonyesha ile video, akaitazama mara mbili, akanirudishia simu na kuomba hela ya chai.