Kazi za mkupuo ni nini, na zinaongozwaje kwa amri

Siku ya msongamano mashineni, mtu akipeleka debe la mahindi hasimami kulilinda mpaka lisagwe. Anaandika jina, analipanga kwenye mstari, anakwenda zake, jioni anarudi kuchukua unga. Kazi za mkupuo kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Unakabidhi shughuli nzima pamoja na maelekezo yake yote, na hakuna anayebaki mbele ya skrini kubonyeza "endelea".

Utaratibu wenyewe ni mkongwe. Miaka ya 1960 watu walimkabidhi mhudumu wa chumba cha kompyuta bunda la kadi zilizotobolewa, wakarudi baadaye kuchukua majibu kwenye karatasi. Siku hizi mashine unaikodi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine unazozitumia kupitia intaneti, na anayepokea bunda ni programu. Nitachukua mfano wa AWS Batch, huduma iliyotangazwa na Amazon Desemba 2016, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku. Huduma yenyewe haina ada yake. Unalipia mashine kwa muda zilipowashwa.

Tuseme una picha 600 za setilaiti ya Sentinel-2 na unataka kupima ukijani wa mashamba. Kila picha inachukua dakika 20. Kwenye laptopu moja hizo ni saa 200, zaidi ya siku nane mfululizo. Kwa mkupuo unaandaa vitu vitatu: aina ya mashine unazokubali kuzikodi, foleni, na maelezo ya kazi, yaani kontena gani (kifurushi chenye programu yako na kila inachohitaji) itumike na ipewe memori kiasi gani. Kisha unaandika amri moja:

aws batch submit-job --job-name mahindi-machi --job-queue foleni-usiku --job-definition pima-picha:3 --array-properties size=600

Amri hiyo inazaa kazi kuu moja yenye kazi ndogo 600, yaani watoto wake, kila moja na namba yake. Mkupuo mmoja unaweza kubeba hadi 10,000. Unarudishiwa kitambulisho cha kazi, na kuanzia hapo hata umeme ukikatika nyumbani, kazi haikatiki; iko mbali na laptopu yako. Ndiyo sababu naipenda amri kuliko vitufe vya kwenye tovuti. Amri unaihifadhi kwenye faili, unamtumia mwenzako, na wiki ijayo unairudia vilevile bila kusahau hata kijisanduku kimoja.

Wageni hupotea kwenye hatua inayofuata. Mtu anatuma kazi, kisha anaandika aws batch list-jobs --job-queue foleni-usiku ili aione. Anapata orodha tupu. Anadhani haikufika, anatuma tena, na sasa ana mikupuo miwili na bili mara mbili. Kumbe amri hiyo, usipotaja hali unayoitaka, huonyesha kazi zilizo kwenye RUNNING peke yake, yaani zinazofanyika sasa hivi. Kazi yake ilikuwapo, ila bado ilikuwa kwenye mstari. Ongeza --job-status PENDING utaiona kazi kuu, kwa kuwa hubaki kwenye hali hiyo hadi watoto wote wamalize. Watoto wanaosubiri mashine utawaona kwa --job-status RUNNABLE, ukitaja --array-job-id na kitambulisho chake badala ya foleni.

Hiyo RUNNABLE inastahili kueleweka vizuri. Maana yake kazi haina kizuizi chochote, inasubiri mashine tu. Kwa kawaida ni dakika chache. Ikikaa masaa, usiilaumu foleni kwanza. Rudi kwenye maelezo uliyoandika. Mara nyingi umeomba memori kubwa kuliko iliyo kwenye mashine yoyote uliyoruhusu ikodiwe, na kazi ya namna hiyo inaweza kukaa pale hadi kesho bila kulalamika. Ni sawa na kupeleka gunia kwenye mashine inayopokea madebe.

Kuna pia amri mbili za kusimamisha, na kuzichanganya kunagharimu. cancel-job huondoa kazi ambayo bado iko kwenye mstari. Ukiielekeza kwa kazi iliyokwisha kuanza, inapokelewa bila kosa lolote, nawe unaamini umeisimamisha, huku mashine inaendelea na pesa zinatoka. Kwa kazi iliyoanza tumia terminate-job. Zote mbili zinakudai sababu kupitia --reason. Iandike kwa ukweli, kwa sababu atakayeisoma mwezi ujao huenda ni wewe.

Asubuhi unakuta mkupuo mzima umeandikwa FAILED. Usikate tamaa. Kazi kuu hupewa alama hiyo hata ikiwa mtoto mmoja tu kati ya 600 ameshindwa. Uliza hivi, ukiweka kitambulisho chako:

aws batch list-jobs --array-job-id KITAMBULISHO --job-status FAILED

Labda utajibiwa mstari mmoja, na kitambulisho chake kinaishia na :411. Chukua hicho, kipeleke kwenye describe-jobs, utasoma sababu na namba ya kutokea (exit code), yaani namba ambayo programu huiacha inapokoma. Ikiwa ni 137, mara nyingi kontena liliuawa kwa kumaliza memori lililopewa. Halafu unapoitafuta picha yenyewe, kumbuka hesabu ya watoto inaanzia sifuri: 411 ni picha ya 412 kwenye orodha yako. Ongeza memori kwenye maelezo ya kazi, tuma hiyo moja peke yake, zile 599 ziache zilivyo.